Unataka Kujipikia Bia Kejani? Shika Hizi Rada Kabla Uwashe Gesi

Mse, kama umechoka bei ya chupa kupanda kila mwaka, lazima ushawahi kujiuliza: mbona nisijipikie? Si wazo geni. Mashosho wa Western wamepika busaa ya mahindi na kimea cha wimbi tangu kitambo, na Mlima Kenya muratina ni ya asali. Bia ya shayiri ni kazi ileile: hamira inakula sukari, inaacha pombe na gesi.

Sheria kwanza

Video nyingi unazocheki ni za Marekani, ambako sheria ya 1978 ilifungulia watu wazima kupika bia ya kunywa wenyewe, si ya kuuza. Huku si hivyo. Sheria ya vileo ya 2010 ilihalalisha hata chang'aa, lakini inataka leseni kwa yeyote anayetengeneza pombe. Kusema "siuzi, ni yangu na mabeshte" hakutakuokoa karao wakibisha. Na kama hujafika miaka 18, hii si yako. Ulizia leseni kwa kaunti kabla utoe doo ya vifaa.

Inapikwaje?

Kwa lita 5 unahitaji kimea cha shayiri kilichosagwa kilo 1.2, hopsi gramu 10 na hamira ya bia, si ile ya mandazi.

1. Loweka kimea kwa maji ya nyuzi 66 kwa saa moja, kisha chuja. Maji yakichemka kabisa hapa, sukari haitatoka vizuri.
2. Chemsha huo mchuzi saa moja ukiwa na hopsi. Nairobi iko juu, maji huchemka kama nyuzi 94, lakini hiyo inatosha kuua vijidudu.
3. Poesha haraka hadi nyuzi 20 hivi, mwaga kwa ndoo safi yenye kifuniko, weka hamira. Pitisha mpira mwembamba kutoka kwa kifuniko hadi kikombe cha maji, gesi itoke na hewa isiingie.
4. Acha wiki mbili mahali penye baridi kiasi. Ukiwa Mombasa, simamisha ndoo ndani ya beseni la maji.
5. Weka kwa chupa na sukari gramu 6 kwa kila lita. Subiri wiki mbili zingine.

Noma iko wapi?

Noma ya kwanza ni uchafu. Kila kitu kinachogusa bia baada ya kuchemka lazima kiwe kimeoshwa na kuuliwa vijidudu, la sivyo utakunywa siki. Ya pili ni haraka: ukifunga chupa kabla hamira imalize kazi, gesi inajaa na glasi inalipuka usoni. Anza na chupa za plastiki za soda. Ukibonyeza na ikuwe ngumu kama jiwe, weka kwa friji.

Ya tatu ndiyo huzika watu. Usijaribu kukeneka, yaani kuchemsha pombe na kukusanya mvuke, na usiongeze spiriti wala kemikali yoyote ati ishike haraka. Methanoli ya viwandani inapofusha na kuua, na haina harufu ya kukushtua. Anayekuuzia "dawa ya kuongeza makali" si beshte yako.