Miaka Isiyo na Kitabu: Kazi na Riziki ya Octavia Butler

Tunapofundishwa historia ya mwandishi, mara nyingi tunapewa orodha: kitabu, mwaka, kitabu kingine, mwaka mwingine. Tukikuta pengo la miaka mitano au sita, tunasema mwandishi "alinyamaza", na wengine wetu kwenye semina husema eti "aliishiwa". Mimi msamiati huu siukubali. Makala haya yana lengo la kuitazama hiyo miaka ya katikati, miaka isiyo na kitabu, na kuuliza mwandishi alikuwa akifanya nini na akila nini.

Mfano wangu ni Octavia E. Butler, Mmarekani mweusi aliyeandika riwaya za kisayansi tangu miaka ya 1970 hadi alipofariki Februari 2006. Nimemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, kwa sehemu kubwa ya maisha yake alitegemea kalamu, bila mshahara wa kudumu na bila mali ya urithi. Pili, karatasi zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Huntington huko San Marino, California. Ni vitu zaidi ya 8,000, na si miswada peke yake. Zimo pia daftari zake, barua, orodha za mahitaji ya dukani na hesabu za fedha. Lynell George alizitumia karatasi hizo katika kitabu alichokitoa mwaka 2020 kuhusu maisha ya kila siku ya Butler. Kwa hiyo pengo la mwandishi huyu lina ushahidi, na linaweza kusomwa kama tunavyosoma riwaya zake.

Butler alizaliwa Pasadena, California, mwaka 1947. Baba yake alikuwa mng'arisha viatu na alifariki binti akiwa mdogo. Mama yake alikuwa mtumishi wa majumbani, na ndiye aliyemnunulia mashine ya kupiga chapa alipokuwa na umri wa miaka kumi. Mwaka 1970 Butler alihudhuria warsha ya waandishi ya Clarion, Pennsylvania, akauza hadithi fupi mbili. Moja ilichapwa mwaka 1971. Ya pili, "Childfinder", ilinunuliwa kwa ajili ya mkusanyiko wa Harlan Ellison ambao haukutoka maisha yote ya Butler. Hadithi hiyo ilikuja kuchapwa mwaka 2014, mwenyewe amekwisha kufa miaka minane. Baada ya mauzo hayo mawili, ilipita kama miaka mitano hakuuza kitu.

Hivi miaka hiyo mitano tuiiteje? Mama yake alitaka awe karani, apate kipato cha uhakika. Yeye akachagua vibarua. Aliosha vyombo, aliuza bidhaa kwa simu, alikagua krispi za viazi kiwandani. Alizipenda zaidi kazi zisizomchosha akili, ili aweze kuamka saa nane za usiku na kuandika kabla ya kwenda kibaruani. Wale tuliozoea kuzungumzia nguvukazi na ubepari tutazame hesabu hiyo vizuri: mchana aliuza mikono yake, kichwa akakiweka akiba. Kisha orodha inatuonyesha Patternmaster (1976), Mind of My Mind (1977), Survivor (1978), Kindred (1979) na Wild Seed (1980). Vitabu vitano katika miaka mitano! Msomaji wa orodha atadhani kipaji kililipuka ghafla. Kumbe ulimwengu wa riwaya nne kati ya hizo alikuwa akiutunga tangu utotoni, na kazi kubwa ilifanyika katika usiku ule ambao orodha haina habari nao.

Ni vyema hapa tukaelewa jinsi mwandishi wa namna hii anavyolipwa. Kwa kawaida mchapishaji humpa malipo ya awali, sehemu wanapotia saini mkataba na sehemu anapokabidhi mswada. Mrabaha hauanzi kuingia mpaka mauzo yamelipia fedha hizo za awali, na vitabu vingi havifiki hapo. Maana yake ni kwamba mwandishi hula kitabu ambacho bado hakijasomwa na mtu. Kikichelewa, na unga unachelewa.

Ndipo tunapofika kwenye Survivor. Butler alitaka kuandika Kindred, riwaya ya Dana, mwanamke mweusi wa mwaka 1976 anayevutwa kurudi nyuma hadi Maryland ya enzi za utumwa. Ilimbidi aende Maryland kwenyewe akaione ardhi na kusoma kumbukumbu. Fedha hakuwa nazo. Basi akauza mswada wa Survivor kabla haujamridhisha, akapanda basi akavuka nchi nzima. Baadaye aliichukia riwaya hiyo, akakataa isichapwe tena. Kindred, kinyume chake, ndiyo kazi yake inayosomwa zaidi mashuleni na vyuoni.

Mhakiki anayepima fani na maudhui peke yake ataandika kwamba Survivor ni riwaya dhaifu, akafunga daftari. Huenda ni kweli. Lakini hajatuambia kwamba kitabu dhaifu kilikuwa nauli ya kitabu bora. Najua wapo wenzangu watakaopinga. Watasema matini yajitosheleze, na kwamba njaa ya mwandishi si hoja ya kifasihi. Nakubaliana nao kwa jambo moja: shida haigeuzi ukurasa mbaya kuwa mzuri. Butler mwenyewe hakuomba huruma hiyo. Ndiyo maana akakizuia kitabu. Ila tunapoandika historia, na si hukumu ya kitabu kimoja, hatuwezi kuificha bei iliyolipwa.

Isitoshe, matini yenyewe hayakubali kutengwa na kibarua. Katika Kindred, Dana ni mwandishi ambaye bado hajafanikiwa, anaishi kwa ajira za muda anazopangiwa na wakala wa vibarua. Wafanyakazi wamelibandika wakala hilo jina la soko la watumwa. Dana anajua kuwa kuna tofauti: pale anaweza kukataa kazi, na kesho yake hakuna anayemjali. Halafu anatupwa katika utumwa wenyewe, na mzaha ule unageuka kuwa kipimo. Jambo hili la msingi katika riwaya lilitoka katika miaka isiyo na kitabu. Ukiifuta miaka hiyo kwenye historia, umepoteza ufunguo wa kusomea.

Kufikia mwaka 1978 aliweza kuacha vibarua na kuishi kwa uandishi. Hata hivyo mapengo hayakwisha. Kati ya Clay's Ark (1984) na Dawn (1987) hakuna riwaya. Lakini zilikuwepo hadithi fupi, na ulikuwepo utafiti. Butler hakuendesha gari. Katika jiji la Los Angeles, ambako asiye na gari ni kama hana miguu, yeye alipanda mabasi. Siku moja akiwa njiani kumwona rafiki yake mgonjwa mahututi, alishuhudia ndani ya basi ugomvi wa kumwaga damu. Kutokana na tukio hilo akaandika "Speech Sounds", hadithi kuhusu watu waliopoteza uwezo wa kusema na kusoma. Ilipata tuzo ya Hugo mwaka 1984. Mwaka uliofuata alisafiri hadi Peru, msitu wa Amazon, kutafuta maarifa ya riwaya zilizoanza na Dawn. Hata hofu ya safari ilizaa kitu. Aliposoma habari za nzi ambaye buu lake hukulia chini ya ngozi ya mtu, akaigeuza hofu hiyo kuwa "Bloodchild" (1984), hadithi iliyompatia Hugo na Nebula.

Tusije tukadhani, hata hivyo, kwamba kila pengo huzaa. Mwaka 1995 alipata tuzo ya Wakfu wa MacArthur, dola 295,000, mwandishi wa kwanza wa riwaya za kisayansi kuipata. Shida ya fedha ilipungua. Parable of the Talents ikatoka mwaka 1998. Kisha riwaya iliyofuata, Fledgling, ikangojwa hadi 2005. Katika miaka hiyo saba alianza mara nyingi riwaya ya tatu ya Parable, mianzo ambayo imo Huntington leo, na kila mara akaiacha. Dawa za shinikizo la damu zilimchosha. Pengo hili halikusababishwa na kodi ya nyumba, wala na uvivu. Ni mwili uliochoka, na kazi iliyokataa. Historia ya haki lazima iweze kutofautisha pengo la 1971 na pengo la 1999, ingawa kwenye orodha yote ni nafasi nyeupe.

Swali hili linatuhusu sisi pia. Euphrase Kezilahabi alitoa Gamba la Nyoka mwaka 1979, na Nagona, riwaya inayovunja kanuni za uhalisia, mwaka 1990. Miaka kumi na moja bila riwaya! Lakini ndani yake alifundisha, akapata shahada ya uzamivu Wisconsin mwaka 1985, akachapisha mashairi ya Karibu Ndani mwaka 1988. Alikuwa na mshahara wa chuo ambao Butler hakuwa nao, na bila shaka mshahara huo una sehemu yake katika uhuru wa Nagona. Nani kati yetu ameifanyia kazi hoja hiyo?

Pendekezo langu ni dogo. Tunapoandika tasnifu kuhusu mwandishi aliye hai, tumwulize alikuwa anaishije kati ya vitabu, na jibu tuliweke ndani ya uchambuzi, lisibaki kwenye ukurasa wa shukrani. Waandishi wetu wengine wamekwisha zeeka, na hakuna maktaba inayozikusanya risiti zao.