Hina ya jani na hina ya pakiti: vitu viwili, jina moja

Leo sitaongea juu ya muhogo wala mbolea. Naongea juu ya maua yale yanayochorwa ku mikono ya mabibi arusi, hapa Bukavu, Goma, Lubumbashi. Sasa hata wanafunzi wanachorwa tu wikendi (na vijana wa kiume pia, tusifichane), na jina la mupenzi ndani ao herufi yake ya kwanza. Watu wote wanaita ile kitu "hina". Lakini chini ya jina moja kuna vitu viwili, na historia yao haifanane hata kidogo. Kimoja ni jani. Kingine kinatoka mu pakiti ya rangi ya nywele.

Tuanze na jani, ju pale njo fasi yangu.

Muhina ni muti mudogo. Kwa jina la kisayansi ni Lawsonia inermis, na uko wa jamaa moja na mukomamanga. Unapenda joto na fasi kavu: Rajasthan kule India, Yemen, Sudan, Misri, Morocco, Sahel. Mvua mingi haiupendeze. Mutu akiniuliza fasi ya kuujaribu kwetu, sitamutuma ku milima ya Walungu. Nitamwambia ashuke mu bonde la Ruzizi, fasi jua linapiga kweli.

Majani yanavunwa, yanakaushwa, yanasagwa na kuchungwa mpaka unga unakuwa laini sana. Ndani ya jani mna kitu kinaitwa lawsoni. Ukikoroga ule unga na maji ya ndimu na kuuacha masaa, lawsoni inatoka. Ukipaka ku ngozi, inashikamana na keratini, ile protini ya ngozi ya juu, ya kucha na ya nywele. Haishuke chini zaidi. Ndiyo maana kiganja kinashika rangi kuliko bega: ngozi ya kiganja ni nene. Inaomba uvumilivu. Mabibi arusi wengi wanalala nayo usiku muzima, mikono imefungwa. Asubuhi ukibandua, rangi ni ya machungwa tu, unaweza kufikiri wamekuibia. Kisha siku mbili inageuka kahawia yenye wekundu. Na sababu ngozi inajibadilisha yenyewe, wiki moja mpaka tatu picha imeshakwenda.

Sasa historia. Watu wa Misri ya zamani walitumia hina, alama zake zimeonekana ku nywele za maiti zilizokaushwa. Wale wanaosoma Biblia wafungue Wimbo Ulio Bora, sura ya 1: hina imetajwa pale, pamoja na mashamba ya mizabibu ya En-gedi. Kwa hiyo anayesema hina ni mambo ya dini moja tu, amefunga kitabu mapema. Waislamu waliipenda sana, ni kweli, na usiku wa hina mbele ya ndoa unajulikana toka Morocco mpaka Oman. Wahindu pia wanayo, Wayahudi wa Yemen pia. Mwezi wa 12 mwaka 2024, nchi 16 za Kiarabu, Sudan na Misri ndani, ziliifanya iandikwe na UNESCO ku orodha ya urithi wa wanadamu.

India ndiyo iliyosukuma mbali ile mambo ya kuchora kitu cha mutu mwenyewe. Sojat, muji mudogo wa Rajasthan, inajulikana kwa mashamba ya hina sawa vile Kivu inajulikana kwa kahawa. Na kuna desturi moja inanipendeza: fundi anaficha jina la bwana arusi katikati ya maua na majani ya muchoro, na bwana anapaswa kulitafuta ku mikono ya bibi yake. Kwa hiyo herufi ya mupenzi wako ku kifundo cha mukono, haikuanza na telefone.

Pwani ya Afrika Mashariki, Lamu, Mombasa, Zanzibar, hina ni ya bibi arusi na ya sikukuu. Lugha hii tunayoandika ilipanda toka pwani na misafara mu karne ya 19, ikafika Kasongo na Nyangwe kule Maniema, na Uislamu pamoja nayo. Neno "hina" lilikuwa ndani ya muzigo ule.

Lakini pwani pale pale kuna neno la pili: piko. Hapa wandugu naomba musome pole pole.

Piko ni rangi nyeusi. Hina haiwezi kuwa nyeusi kama wino, jani halina ile rangi. Na watu wanataka nyeusi, ju ku ngozi yetu nyeusi njo inaonekana muzuri, na ju inafanana na tatuaji ya sindano bila maumivu. Basi mafundi walichukua unga wa kupaka nywele, wakaukoroga, wakachora nao ku ngozi. Ndani ya ule unga mna parafenilenediamini, PPD kwa kifupi. Ulaya sheria inairuhusu mu rangi ya nywele, isipite asilimia 2 wakati inapakwa, na ku ngozi imekatazwa kabisa. Mu "hina nyeusi" wamekwisha kupima zaidi ya asilimia 15.

Ubaya wake ni kwamba mara ya kwanza inaweza kukuchekea. Hakuna kitu, picha ni safi, unapiga foto. Lakini mwili umeshaikamata kama adui. Mara ya pili, kisha siku chache, ngozi inawasha, inavimba, inatoa malengelenge yakifuata muchoro muzima, na kovu linaweza kubaki na umbo la ua. Na ile chuki ya mwili haiishe. Miaka 10 mbele, ukipaka rangi ya nywele ya kawaida, kichwa kinavimba. Hata dawa fulani za ganzi mwili unaweza kuzikataa, ju zinafanana nayo. Kwa franga za kuchora mukono moja, mimi naona bei ni kubwa.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba ile nyeusi tunayoitafuta mu pakiti, misitu yetu ilikuwa nayo.

Mwaka 1870, Georg Schweinfurth alifika kwa mufalme Mbunza wa Wamangbetu, mu Uele. Alikuwa mutu wa botaniki, kwa hiyo aliangalia miti sawa vile aliangalia watu. Aliandika kwamba wanawake wa Mangbetu walijichora mwili na maji meusi ya tunda la gardenia: nyota, misalaba, maua, nyuki, mistari. Picha ilikaa siku kama mbili, kisha waliifuta na kuchora ingine mupya, na ku sikukuu kila mwanamuke alitafuta kushinda mwenzake kwa kuvumbua. Musome tena ile sentensi. Muchoro wa muda, wa mutu mwenyewe, wa muti, mu Kongo, miaka 15 mbele ya Leopold kupewa nchi hii kule Berlin. Wambuti wa Ituri nao wanachora na maji ya tunda kama lile, ku mwili na ku nguo ya ganda la muti, na zile nguo leo ziko mu mamuseo ya Ulaya.

Ile miti ya aina ya gardenia iko mu jamaa ya Rubiaceae. Nani mwingine yuko mu jamaa ile? Kahawa. Na kinkina, ile tunayolima Kivu kwa ajili ya kinini. Kule Amazonia kuna ndugu yao mwingine, Genipa americana: maji ya tunda lake hayana rangi yakipakwa, kisha masaa machache yanageuka buluu nyeusi ku ngozi. Leo wanayauza duniani mu chupa ndogo kwa jina la jagua. Hata jagua kuna ngozi zinazoikataa, hakuna muti malaika. Lakini ni nyeusi ya tunda, na kuna watu wanaishi kwa kuiuza. Mutu wa kilimo anayetafuta somo la memwari, pale kuna kazi.

Sijasema chale. Waluba na Watabwa hawakuchora kwa rangi, walikata ngozi ili iinuke. Muangalie sanamu za Waluba kule Tervuren, tumbo na mugongo wa mwanamuke vimejaa alama. Watabwa walikuwa na pembe tatu wanaziita balamwezi, kuchomoza kwa mwezi mupya. Ile haikuwa ya wikendi, ilikaa mpaka kaburini, sawa vile tatuaji ya sindano leo. Kwa sindano nina neno moja tu: kama fundi hafungue sindano mupya mbele yako, ondoka, ju hepatiti B haiulize muchoro ni wa nani.

Kwa hina, kabla ya kunyoosha mukono mu saluni, uliza mambo matatu. Uji una rangi gani na harufu gani? Hina ya kweli ni kijani ao kahawia, na inanukia majani makavu. Unakaa muda gani? Wakikwambia nusu saa na inakuwa nyeusi, ile haiko jani. Tena omba kuona pakiti yenyewe. Na watoto wachanga, hapana, hata hina ya kweli: fasi yenye malaria kama kwetu, kuna watoto wengi wenye kukosa G6PD mu damu, na hina inaweza kuvunja damu yao bila wazazi kujua sababu.

Wale wa Isiro, Wamba, Mambasa na Epulu: ule muti wa maji meusi, bibi zenu waliuita jina gani? Mutuandikie na jina la lugha, ju kozi ya botaniki ilitupatia Kilatini tu.