Mauritania: Kibla Kimoja, Makundi Mengi



Hebu nikuulize swali moja tukingoja adhana ya Magharibi. Nchi ambayo takriban raia wake wote ni Waislamu, madhehebu yao ni moja, na wote wanaelekea kibla kimoja, je, watu wake wanaweza kubaguana? Wengi wetu tutajibu haraka haraka: haiwezekani! Basi twende pamoja mpaka Mauritania, kisha urudi ujibu tena.

NCHI KUBWA, WATU WACHACHE

Mauritania iko Afrika Magharibi, kwenye pwani ya Atlantic, kati ya Senegal na Sahara Magharibi. Eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba milioni 1, yaani inakaribia kuwa Kenya mbili. Lakini hesabu ya watu ya 2023 ilipata watu kama milioni 4.9 tu. Sisi Kenya katika hesabu ya 2019 tulikuwa milioni 47.6!

Sababu yake ni jangwa. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ni mchanga na mawe ya Sahara. Kilimo kinapatikana kusini, hasa kando ya Mto Senegal. Ilipopata uhuru tarehe 28 Novemba 1960, wananchi wengi walikuwa wafugaji wa kuhamahama wanaoishi katika mahema. Kisha ukaja ukame mkali wa miaka ya 1970, mifugo ikafa, na watu wakakimbilia mjini. Nouakchott, mji mkuu ulioanza kujengwa 1958 kwa ajili ya watu elfu chache, leo una wakazi zaidi ya milioni moja.

NI KINA NANI HAO?

Kusini wako Wasoninke, Wafulani na Wawolof, watu weusi wenye lugha zao. Usidhani ni wageni. Wasoninke ndio waliojenga dola ya kale ya Ghana, na magofu ya Koumbi Saleh, yanayoaminika kuwa mji wake mkuu, yako ndani ya Mauritania. Bonde la Mto Senegal nalo lilikuwa na dola ya Takrur, ambayo mfalme wake alisilimu katika karne ya 11.

Kaskazini walikuwako Waberberi wa Sanhaja. Kutoka kwao, katika karne hiyo hiyo ya 11, ilizuka harakati ya al-Murabitun chini ya Abdullah ibn Yasin. Watu hawa wa mahema na ngamia walifika mpaka Morocco, na mwaka 1086 jeshi lao likiongozwa na Yusuf ibn Tashfin likavuka bahari na kushinda vita vya Zallaqa huko Andalus. Si mchezo!

Baadaye wakaingia Waarabu wa Banu Hassan. Katika karne ya 17 walipigana na Waberberi na kuwashinda. Basi kazi zikagawanyika: makabila ya Hassan yakashika silaha, na makabila ya Zawaya yakashika vitabu. Taratibu wote wakawa wanazungumza Kiarabu cha Hassaniya, na kwa pamoja wakaitwa Bidhan, yaani weupe, ingawa rangi zao hutofautiana sana.

Hao Zawaya ndio waliotoa wale maulamaa wanaoitwa Shanaqita, kwa jina la mji wa Chinguetti. Wanafunzi walisoma katika mahadra, madrasa za jangwani, wakihifadhi vitabu vizima kwa moyo. Sheikh Muhammad al-Amin al-Shinqiti, mwenye tafsiri ya Adwa' al-Bayan, alizaliwa na kusoma huko kabla ya kwenda kufundisha Madina. Alifariki Makka mwaka 1974.

HARATIN

Sasa ndugu yangu, tumefika mahali pazito. Liko kundi jingine, nalo linakadiriwa kuwa kubwa kuliko yote, kama watu 4 katika kila 10. Wanaitwa Haratin. Ni watu weusi, lakini lugha yao ni Hassaniya, nguo zao ni zile zile, na chai yao huandaliwa vile vile kama ya Bidhan. Ni wazao wa watumwa.

Unaona? Hapa kinachotenganisha watu si dini wala lugha. Ni nasaba: babu yako alikuwa bwana au alikuwa mtumwa? Na tusiwalaumu Bidhan peke yao, kwani hata miongoni mwa Wasoninke na Wafulani kulikuwa na watumwa, na koo za wahunzi na waimbaji ambazo wengine hawakukubali kuoana nazo.

Utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1981, na Mauritania ikawa nchi ya mwisho duniani kufanya hivyo. Lakini sheria ile haikuweka adhabu kwa anayemiliki mtu. Kumbe hata ilitaja fidia, tena fidia ya kupewa yule bwana! Ilibidi mpaka 2007 ndipo kumiliki mtumwa kukafanywa kosa la jinai, na 2015 adhabu ikapandishwa mpaka kifungo cha miaka 20. Na mtu aliyeachwa huru bila ardhi, bila mifugo na bila kusomeshwa, atakwenda wapi? Wengi walibaki wakimtegemea bwana yule yule.

MWAKA 1989

Jeraha la pili ni la watu wa kusini. Mwaka 1966 kulitokea ghasia baada ya Kiarabu kufanywa lazima katika shule za sekondari. Aprili 1989 ugomvi wa wafugaji na wakulima mpakani uliwasha moto kati ya Mauritania na Senegal. Watu waliuawa Dakar kwa kuwa ni Bidhan, na wengine wakauawa Nouakchott kwa kuwa ni weusi. Makumi ya maelfu ya raia weusi wa Mauritania walifukuzwa makwao wakavushwa mto. Usiku wa kuamkia siku ya uhuru, 28 Novemba 1990, wanajeshi 28 weusi walinyongwa huko Inal. Waislamu wakawanyonga Waislamu! Kati ya 2008 na 2012, wakimbizi zaidi ya 24,000 walirudishwa kutoka Senegal. Wajane wa Inal bado wanadai haki.

Lakini hali haikusimama pale pale. Haratin waliunda harakati yao ya El Hor mwaka 1978, na mmoja wao, Messaoud Ould Boulkheir, akawa spika wa bunge mwaka 2007.

TURUDI KWETU

Ndugu msomaji, usije ukasema, "Ah, hao ni Wamauritania, sisi hayatuhusu." Pwani yetu hii pia ilikuwa na mabwana na watumwa. Utumwa ulikomeshwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na huku pwani ya Kenya mwaka 1907. Je, na vinywani mwetu umekoma? Kijana akija kuposa, ana dini, ana tabia njema na kazi yake ya halali, bado wazee wengine huulizana pembeni: "Huyu asili yake ni wapi?" Posa inarudishwa, na sababu ya kweli haisemwi.

Uislamu ulifungua milango mingi ya kumwacha mtumwa huru. Hata kafara kubwa ya kuharibu saumu ya Ramadhani inaanza na hiyo. Na Sahaba mtukufu Abu Dharr alipomtukana mwenzake kwa weusi wa mama yake, Mtume (s.a.w.) alimkemea na kumwambia kuwa bado ana ujahili ndani yake. Ikiwa Abu Dharr aliambiwa hivyo, sisi ni nani?

Basi nirudie swali langu: watu wa kibla kimoja wanaweza kubaguana? Jibu umeliona. Kusimama safu moja msikitini ni jambo la dakika chache. Kazi yenyewe inaanza tukishatoa salamu, kwenye ardhi, shuleni, kazini na kwenye ndoa. Usiku wa leo, ukimaliza tarawehe, mtazame uliyesimama naye bega kwa bega, kisha ujiulize: akija kuposa kwetu, tutamjibu nini?

Allah atutakabalie saumu zetu. Ramadhan Karim.