Fundi Walschaerts na Nyenzo za Garimoshi

Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Ilipita Igogo kando ya ziwa, na mzigo wake mkubwa ulikuwa pamba ya wakulima wa Usukuma, iliyosafirishwa kwenda kunufaisha viwanda vya ng'ambo. Hayo yanajulikana. Kisichojulikana sana ni historia ya mtambo wa fimbo na nyenzo uliocheza ubavuni mwa magarimoshi ya mvuke, na ya mfanyakazi aliyeubuni.

Egide Walschaerts alizaliwa Mechelen, Ubelgiji, mwaka 1820. Mwaka 1844, akiwa na umri wa miaka 24, alikuwa msimamizi wa karakana ya reli mjini Brussels, na mwaka huohuo mtambo wake ulipata hataza. Hataza hiyo iliandikwa kwa jina la Fischer, mhandisi wa shirika hilo, kwa kuwa kanuni hazikumruhusu mtu wa cheo cha Walschaerts kunufaika na uvumbuzi wake.

Kazi ya mtambo ni hii. Mvuke lazima uingie upande mmoja wa pistoni, kisha upande wa pili, na vali ndiyo inayofungua na kufunga njia. Lakini dereva anataka pia kurudi nyuma, na garimoshi likishashika mwendo anataka kuukata mvuke mapema, ili uliomo ndani ya silinda utanuke na kusukuma wenyewe, maji na moto visipotee bure. Walschaerts aliunganisha miendo miwili. Wa kwanza hutoka kwenye gurudumu na kutikisa kipande cha chuma chenye umbo la tao. Fimbo ya vali ikishushwa kwenye tao, kwa kawaida garimoshi huenda mbele. Ikipandishwa, hurudi nyuma. Ikisogezwa karibu na katikati, mvuke hukatwa mapema zaidi. Mwendo wa pili hutoka kwenye pistoni yenyewe, nao huifungua njia kidogo kabla pistoni haijaanza safari mpya. Vali hufuata jumla ya miendo hiyo. Katika magarimoshi mengi vyote viko nje, fundi anaviona na kuvitia mafuta bila kutambaa chini.

Wapo watakaosema Fischer alimwibia. Hapana, Fischer hakudai kamwe kuwa yeye ndiye mvumbuzi. Unyonyaji haukuhitaji mwizi, kanuni ilitosha. Tena, ndugu, reli hiyo ilikuwa mali ya dola, wala haikuwa ya bepari mmoja. Kwa hiyo kutaifisha peke yake hakukumaliza swali la fundi anayebuni na mkubwa anayetia saini. Mwongozo wa TANU wa 1971, ulipokataza viongozi kuwa wajeuri na wenye dharau, uligusa jeraha hilohilo.

Walschaerts alifariki mwaka 1901. Ujerumani mtambo huo ulipewa jina la Heusinger, aliyebuni unaofanana nao mwaka 1849 bila kumfuata mwenzake.

Mnamo miaka ya 1950 Reli ya Afrika Mashariki ilinunua magarimoshi ya daraja la 30, yakapewa majina ya makabila ya Tanganyika. Moja, namba 3020 Nyaturu, limehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi. Ubavuni mwake nyenzo za Walschaerts zinaonekana wazi, lakini bamba la jina linataja kabila tu.