Serikali Isiyo na Mfuko: Marekani, 1781–1787

Tunapoitaja Marekani, wengi wetu huiona kama dola iliyozaliwa na nguvu. Historia yasema vinginevyo. Mnamo Juni 1783 askari wa taifa hilo changa, wakidai malimbikizo ya mishahara yao, walilizingira jengo ambamo Kongresi ilikuwa ikikutana mjini Philadelphia. Wajumbe waliwaomba viongozi wa jimbo la Pennsylvania waite mgambo. Viongozi hao hawakufanya hivyo, na Kongresi ikalazimika kuhamia Princeton.

Chimbuko la fedheha hiyo ni Mkataba wa Shirikisho, ulioanza kutumika Machi 1781. Kila jimbo kati ya 13, kubwa kwa dogo, lilikuwa na kura moja. Maamuzi mazito yalihitaji majimbo 9, na kuubadili mkataba kulihitaji ridhaa ya yote. Zaidi ya hayo, Kongresi haikuwa na uwezo wa kutoza kodi. Iliyaomba majimbo michango, nayo yakatoa yalipopenda. Mkono mtupu haulambwi. Ilipopendekezwa kwamba Kongresi itoze ushuru wa forodha wa asilimia 5, Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote kwa eneo, lilikataa mwaka 1782, na pendekezo likafa.

Tusiwabeze waliokataa. Walikuwa wametoka kupigana na mfalme kwa sababu ya kodi zilizoamuliwa ng'ambo pasipo wao kuwakilishwa. Kuikabidhi Kongresi mfuko kulifanana na kumfukuza bwana mmoja na kumkaribisha mwingine.

Hata hivyo, je, udhaifu wa serikali kuu ulimpa mwananchi nafuu? Massachusetts yatupa jibu. Ili kulipa madeni ya vita, serikali ya jimbo hilo iliwatoza wakulima kodi nzito, nao hawakuwa na fedha taslimu. Mali zikanadiwa, wadaiwa wakafungwa. Mwaka 1786 wakulima, baadhi yao askari wa zamani kama Daniel Shays, walizizuia mahakama zisikae. Januari 1787 waliliendea ghala la silaha la Springfield, wakatawanywa kwa mizinga. Kongresi haikuwa na fedha za kuingilia kati. Jeshi lililowasaka liligharimiwa na wafanyabiashara wa Boston. Aliyemkamua mkulima, basi, hakuwa mtawala wa mbali. Alikuwa mtawala wa jirani.

Katiba iliyoandikwa mwaka huohuo iliipa Kongresi mamlaka ya kutoza kodi na kusimamia biashara baina ya majimbo, huku majimbo yakihifadhiwa usawa katika Seneti. Mizani hiyo haikuwa ya haki kwa wote: watumwa walihesabiwa sehemu tatu kati ya tano ili kuwaongezea mabwana zao viti bungeni, na wao wenyewe hawakuwa na kura.

Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki nayo hutegemea michango ya nchi wanachama, na malalamiko ya michango kuchelewa si mapya. Tutakapojadili kuipa meno zaidi, au tunapogawana madaraka ndani ya nchi zetu, tusiishie kuuliza iwapo mfuko ukae juu au chini. Tuulize pia ni nani awezaye kumwajibisha aliyeushika. Mkulima wa Massachusetts alikuwa na serikali karibu na mlango wake, na bado hakusikilizwa.