Upana wa Mita Moja: Reli ya Mfano na Historia ya Majirani

Mwanafunzi mpendwa, chukua rula na penseli. Chora mistari miwili sambamba, na uache milimita 20 kati yake. Huo ndio upana wa reli ya zamani ya Afrika Mashariki, ukipunguzwa mara 50. Sasa chora mistari mingine miwili kando yake, safari hii ukiacha milimita 21 na ziada kidogo. Hiyo ni reli ya TAZARA, iliyopunguzwa kwa skeli hiyo hiyo. Kwa macho tu, huenda usiione tofauti. Lakini tengeneza kibehewa cha mbao chenye magurudumu yanayoshika reli ya kwanza, kisha ukiweke juu ya ile ya pili. Kitatumbukia katikati.

Jambo hili lilinijia muhula uliopita, wakati wanafunzi wa klabu yetu ya historia walipoamua kujenga reli ya mfano juu ya mbao. Walidhani mjadala wa kwanza ungehusu rangi ya mabehewa. Kumbe kabla ya kukata kipande kimoja cha ubao ilitubidi kuamua upana, kwa maana mengine yote huufuata huo: ukali wa kona, ukubwa wa daraja, uzito wa injini, na gharama. Mafundi huuita upana huo geji, nao hupimwa kutoka upande wa ndani wa chuma kimoja hadi upande wa ndani wa chuma cha pili. Geji iliyoenea zaidi duniani ni milimita 1,435. Reli yenye geji ndogo kuliko hiyo huitwa reli nyembamba.

Habari za reli nyembamba zinatupeleka kwanza Wales, nchi ya milima iliyo magharibi mwa Uingereza. Mwaka 1836 ilifunguliwa huko reli ya Ffestiniog, ya kusafirisha mabamba ya mawe ya kuezekea nyumba kutoka machimbo ya Blaenau Ffestiniog hadi bandari ya Porthmadog. Upana wake haukufika hata milimita 600. Reli pana ingedai kuvunja miamba mingi na kujenga matuta makubwa, ilhali nyembamba iliweza kujipinda na kuufuata mlima. Iliwekwa kwenye mtelemko mmoja kuanzia machimboni hadi pwani, hivyo mabehewa yaliyojaa mawe yalishuka yenyewe kwa uzito wake. Farasi nao waliteremka wakiwa wamepanda behewa lao maalumu, wakila majani, kisha wakayavuta mabehewa matupu kurudi juu. (Wanafunzi wangu waliipenda sehemu hii kuliko historia yote iliyobaki, nami siwalaumu.)

Wahandisi wengi waliamini kwamba injini ya mvuke haiwezi kufanya kazi kwenye reli finyu namna hiyo. Mwaka 1863 Ffestiniog ikaanza kutumia injini za mvuke, na mwaka 1865 ikabeba abiria. Mwaka 1870 wageni kutoka nchi kadhaa, Urusi ikiwamo, walikuja kuitazama injini ya Robert Fairlie iliyoitwa Little Wonder ikivuta msururu mrefu wa mabehewa. Waliondoka wakiwa na hoja mkononi: nchi isiyo na fedha nyingi inaweza kujenga reli nyembamba na ikapata kazi kubwa kutoka kwayo.

Hoja za namna hiyo ndizo zilizokuwa zikijadiliwa India, koloni kubwa la Waingereza. Mwaka huo huo wa 1870 serikali ya kikoloni ya India, chini ya Lord Mayo, ilichagua geji ya mita moja kwa njia zake za gharama nafuu. Waingereza wenyewe walipima kwa futi na inchi, lakini wakati ule India ilitarajiwa kuingia katika vipimo vya mita. Matarajio hayo hayakutimia kwa miaka mingi. Reli, hata hivyo, ilikwisha kujengwa.

Hapo ndipo historia hiyo inapotufikia sisi. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulipoanza Mombasa mwaka 1896, geji iliyochaguliwa ilikuwa ya mita moja, ili vifaa, mabehewa na injini vipatikane kutoka India. Wafanyakazi pia waliletwa kutoka huko, zaidi ya 30,000, na wapatao 2,500 kati yao walifia kazini. Mwaka 1901 reli ilifika Kisumu, mji ambao wakati huo ulihesabiwa kuwa ndani ya Uganda. Mpaka ulisogezwa mwaka uliofuata. Ndiyo sababu reli iliyopita karibu yote katika nchi tunayoiita Kenya ilibeba jina la jirani. Treni ilifika Kampala mwaka 1931, ikivuka mto Nile pale Jinja.

Wajerumani nao walikuwa wameanza yao Tanga mwaka 1893, kisha wakajenga nyingine kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, ambayo ilifika ziwani mwaka 1914. Hizo pia zilikuwa za mita moja. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walitandika njia kutoka Voi kuelekea Taveta hadi Kahe, wakaiunga na reli ya Wajerumani iendayo Moshi. Mahasimu wawili walikuwa wamejenga kwa kipimo kimoja, na mshindi akafaidika nacho.

Tafadhali usizipite taarifa hizi haraka. Katika kipindi hicho chote hakuna Mganda, Mkikuyu wala Mchaga aliyeulizwa anataka reli yenye upana gani. Hata hivyo, uamuzi huo wa watu wa mbali ndio uliowezesha reli za Kenya, Uganda na Tanganyika kuwekwa chini ya uongozi mmoja mwaka 1948. Shirika hilo lilinunua injini 34 za daraja la 59 zilizoundwa Manchester na Beyer, Peacock. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 hivi, nazo zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Urefu wake ulizidi mita 30, lakini mwili wake ulikuwa na viungo viwili, kwa hiyo uliweza kupinda konani. Ukifika katika makumbusho ya reli jijini Nairobi, utaikuta moja yao, Mount Gelai. Katika skeli yetu ya 1 kwa 50 injini hiyo ingezidi sentimita 60, yaani ingeuvuka ubao wa kikundi kimoja na kuingia kwenye ubao wa jirani.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na shirika lake la reli. Mkataba ulikufa, geji ikabaki. Mahali ambapo geji zinatofautiana hali ni nyingine. TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ina upana wa milimita 1,067 ili ioane na reli za kusini mwa Afrika. Inaizidi reli ya kati ya Tanzania kwa milimita 67 tu, kama upana wa vidole vinne vya mkono wako. Kwa ajili ya vidole hivyo vinne, mizigo inayotoka reli moja kwenda nyingine pale Kidatu hulazimika kushushwa na kupakiwa upya.

Sasa turudi kwenye reli za mfano, maana huko nako upana una historia yake. Mwaka 1950 reli nyembamba ya Talyllyn, huko huko Wales, ilikuwa karibu kufa. Mmiliki wake alikuwa amefariki, na machimbo yaliyoilisha yalikuwa yamefungwa. Mwandishi Tom Rolt na wenzake waliitisha mkutano Birmingham, wakaunda chama, na mwaka 1951 raia wa kujitolea wakaanza kuendesha treni wenyewe. Ilikuwa reli ya kwanza duniani kuokolewa kwa njia hiyo. Mmoja wa waliojitolea miaka ile alikuwa mchungaji Wilbert Awdry, mtunzi wa hadithi za watoto za injini Thomas.

Wapenzi wa reli kama hizo walitaka kuwa nazo nyumbani pia, juu ya meza. Huko Edinburgh, P. D. Hancock alijenga reli nyembamba ya mfano iliyowavutia wengi waigize. Lakini gurudumu dogo namna ile lingetoka wapi? Madukani kulikuwa na vifaa vya reli pana ya mfano iliyopunguzwa sana, ambayo upana wake ni milimita 9. Mafundi wakachukua magurudumu na mota zake, wakajenga juu yake mabehewa ya skeli kubwa zaidi, ile ya milimita 4 kwa kila futi moja. Piga hesabu: milimita 9 zikawa sawa na futi mbili na robo, ambao ndio upana wenyewe wa Talyllyn. Mtindo huo ukaitwa 009, na chama chake, 009 Society, kikaanzishwa mwaka 1973. Naomba uilinganishe sababu yao na ile ya mwaka 1896. Kwa wachezaji hawa na kwa wajenzi wa Mombasa vilevile, upana uliamuliwa na vifaa vilivyokwisha kuwapo kwingine.

Ulaya kuna chama kingine, FREMO, ambacho wanachama wake wanatoka nchi mbalimbali. Kila mmoja hujenga kipande chake nyumbani, awe Mjerumani, Mholanzi au Mdenmaki. Siku ya mkutano wanavibeba vipande vyao hadi ukumbini, wanaviunga, na treni zinakwenda kwa ratiba na hati za mizigo. Katikati ya ubao wake mtu yuko huru, anaweza kujenga mlima, kijiji au kiwanda. Uhuru huo unakoma kwenye ncha za ubao. Pale kimo, mahali pa reli na matundu ya boliti lazima vifuate kanuni.

Mimi sikuwa nimelijua hilo tulipoanza. Kikundi cha kwanza kilipewa Kisumu, cha pili daraja la Jinja, cha tatu Kasese, ambako reli ilifikishwa mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Waligawana plaiwudi, wakakata njiti za mishikaki ziwe mataruma, yaani vile vipande vinavyolala chini ya reli na kuzishikilia, na wakachuna nyaya za umeme wapate reli zenyewe. Niliwapa skeli. Niliwapa geji. Sikuwaambia reli ikae umbali gani kutoka ukingo wa ubao. Siku ya kuunganisha, reli ya Kisumu ilitokea sentimita 8 kutoka ukingoni, na ya Jinja sentimita 11. Geji zao zilikuwa sahihi kabisa, na treni haikuweza kupita. Kila kikundi kilitaka chenzake ndicho kibomoe, na kwa wiki nzima hawakusalimiana vizuri.

Hatimaye tulikubaliana kwamba reli zote zitoke katikati ya ubao, kwa hiyo vikundi vyote vitatu vikabomoa, hata cha Kasese ambacho hakikuwa na ugomvi na mtu. Kanuni iliandikwa kwenye karatasi na ikatiwa saini na viongozi watatu wa vikundi.

Ubao wa Kasese ndio umechelewa, kwa sababu nyingine. Treni hazifiki tena huko, na njia imemezwa na majani. Nusu ya kikundi ilitaka kuonyesha stesheni ya mwaka 1956, chuma kiking'aa. Nusu nyingine ilitaka Kasese waliyoiona kwa macho yao. Ilipigwa kura, majani yakashinda kwa kura mbili, na sasa wanakata nyuzi za katani na kuzitia rangi ya kijani.