Majina ya Wanyama: Shule Isiyo na Mwalimu, kutoka Ngorongoro hadi Mtandaoni

Anayedhani kwamba watu wengi kuzipa picha majina, na kujifunza kwa kufanya hivyo, ni jambo lililoletwa na intaneti, aanze na kreta ya Ngorongoro. Kati ya mwaka 1964 na 1966 mtafiti John Goddard aliwatambua faru 108 wa humo mmoja mmoja kwa picha. Faru Fausta, aliyeonekana kwanza mwaka 1965 na kufa Desemba 2019, alifuatiliwa kwa jina hilo na watu waliopokezana kazi kwa zaidi ya nusu karne. Habari za simba zina uzito zaidi. Mwaka 1962 nzi wang'atao walivamia kreta, wakaacha simba wachache mno. Mtafiti Craig Packer na wenzake walipochapisha nasaba ya uzao wa masalia hao, mwaka 1991, sehemu ya ushahidi wao ilikuwa picha za zamani za watafiti na wageni. Simba hutambulika kwa vidoa vilivyo penye mashina ya sharubu, njia ambayo Pennycuick na Rudnai waliieleza mwaka 1970, na anayeijua hahitaji shahada kuitumia.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu: kutaja jina hufundisha kwa sababu humlazimisha mtu kutazama na kuchagua. Mradi wa Snapshot Serengeti, uliofunguliwa kwa umma Desemba 2012, uliifuata kanuni hiyo kwa upana wa ajabu. Kamera 225 zilitegeshwa Serengeti, na picha zikapelekwa mtandaoni kwa yeyote mwenye hamu. Aliyejitolea hakupewa somo. Alipewa orodha ya kuchuja kwa pembe, mkia, rangi na umbo, na kila mnyama aliwekwa pamoja na wale anaofanana nao, kama swala granti na swala tomi. Kitufe cha "sijui" hakikuwepo, na naona ufundi wote ulikuwa hapo. Picha moja ilipitiwa na watu kadhaa, jibu la wengi likachukuliwa. Lilipopimwa dhidi ya wataalamu, lilikuwa sahihi kwa takriban asilimia 97.

Mpinzani atasema takwimu hiyo inalisifu kundi tu, haithibitishi kwamba mtu mmoja mmoja alijifunza. Ni kweli, nami sidai zaidi ya hapo. Lakini makosa ya mmoja yasingefutwa na wengine kama wengi wao hawakuwa wameanza kuona vizuri. Kundi la wanaobahatisha halifiki huko. Pingamizi la pili ni zito: mwaka 2018 watafiti waliifundisha kompyuta kwa majibu hayohayo ya umma, picha milioni 3.2, ikaweza kuzitambua nyingi mno kwa usahihi uleule. Kwa mtafiti ni nafuu kubwa. Kwa anayejifunza ni hasara, maana kazi anayopokonywa ndiyo iliyokuwa darasa lake. Na kuna lawama ambayo siwezi kuijibu. Orodha ile iliandikwa kwa Kiingereza. Mwongoza watalii wa Karatu anayemtofautisha kongoni na nyamera kwa mbali, pengine akiwa na majina yao ya Kiiraqw pia, ilimpasa kwanza kujua Waingereza wanawaitaje, ingawa picha zimepigwa ng'ambo tu ya Ngorongoro.